Nimeitwa usaili kwenye maduka ya vipodozi Dar. Kazi yenyewe ikoje?

SWALI: Nina miaka 24, naishi Mbagala. Nimemaliza diploma ya masoko na tangu hapo nauza nguo dukani kwa shangazi yangu Kariakoo. Sasa nimeitwa usaili na kampuni yenye maduka kadhaa ya vipodozi hapa Dar es Salaam. Mekapu naipenda, na Jumamosi huwa naitwa kupamba watu wa kitchen party. Mama anasema hiyo ni kazi ya kusimama na kukatwa mshahara. Rafiki yangu anasema wanachukua weupe tu, na mimi ni mweusi. Kazi yenyewe ikoje? Na niache duka la shangazi?

JIBU: Mdogo wangu, mama hajakosea, ila kakueleza upande mmoja. Kusimama utasimama. Kukatwa mshahara kunategemea tawi, mkataba, na kama unajua sheria inasemaje. Hapo nitakaa zaidi, kwa sababu tangu nianze kufundisha wauzaji wa maduka haya sijaona aliyeacha kazi kwa kuchoshwa na vipodozi. Wanaondoka kwa ajili ya kamisheni na shoti, yaani upungufu wa fedha au mzigo ambao wauzaji hulipishwa.

Kwanza ujue siku inavyokwenda. Anayeingia kwa mapenzi ya mekapu hudhani atashinda na brashi mkononi. Hii ni kazi ya mzigo. Kabla mlango haujafunguliwa unafuta rafu, maana vumbi la Dar halihitaji zaidi ya usiku mmoja, na mteja aliyekuja kulipa bei ya duka la vioo hachukui kasha lenye vumbi. Mzigo ukiingia mnahesabu katoni kwa katoni mkilinganisha na ankara, mnaingiza kwenye kompyuta, mnabandika bei, mnapanga. Katoni za losheni ni nzito, na stoo za maduka mengi hazina pa kugeukia.

Ukuta wa rasta peke yake ni shule. Mteja hasemi anataka nyeusi. Anasema, "Nipe 1B pisi tano na 30 pisi mbili nichanganye." Wewe unatakiwa ujue bila kufikiri kwamba 1 ni nyeusi tii, 1B ni nyeusi iliyopoa kidogo inayofanana na nywele zetu za asili, 27 ni rangi ya asali, 30 ni kahawia yenye wekundu, 33 ni hiyohiyo iliyokolea, 99J ni ya zabibu nyekundu iliyoiva, 613 ni njano ya Kizungu. Ukimpa 33 badala ya 30 atagundua yuko saluni, kichwa kimesukwa nusu, na pakiti zimeshachanwa kwa hiyo hazirudishiki. Atarudi, na hatarudi kwa upole.

Halafu kuna tarehe. Chini au nyuma ya kipodozi tafuta mchoro wa kikopo kilichofunguliwa kifuniko, ndani yake 6M, 12M au 24M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ya kufungua, na ni tofauti na tarehe ya mwisho ya bidhaa iliyofungwa. Kwa muuzaji maana yake ni mbili. Rafuni, kinachokwisha muda mapema kinakaa mbele. Na kwenye testa, ile ya wateja kujaribia, siku ilipofunguliwa inaandikwa. Siku ya usaili ukipata nafasi ya kuzunguka dukani, angalia testa ya maskara. Ikiwa brashi yake yenyewe ndiyo inayoingia kwenye macho ya kila mpita njia, tawi hilo halina msimamizi. Panapofanywa vizuri utakuta brashi ndogo za kutupa, tishu na chupa ya spiriti, na lipstiki inapanguswa ndipo ijaribiwe mgongoni mwa mkono.

Mtindo huu wa mteja kujigusia bidhaa mwenyewe haukuwapo siku zote. Kariakoo unaujua ule wa zamani: vitu viko nyuma ya kaunta, mteja ananyoosha kidole, muuzaji anashusha. Mfaransa mmoja, Dominique Mandonnaud, aliyeanza na duka la manukato mjini Limoges, ndiye anayetajwa sana kwa kuweka vipodozi wazi watu wajijaribie, na huo ndio uliokuwa mtindo wa maduka ya Sephora. Kampuni ya LVMH iliyanunua mwaka 1997, mwaka uliofuata yakafika New York, na leo kila duka la vipodozi linalotaka kuonekana la kisasa limeiga. Nakueleza haya kwa sababu yanagusa mshahara wako. Rafu iliyo wazi inauza zaidi, lakini pia inapoteza zaidi: lipstiki inaingia mkobani, manukato yanapuliziwa mpaka chupa inakwisha, poda inaangushwa na mtoto. Hasara hiyo inamwangukia nani? Ndilo swali utakalokwenda nalo kwenye usaili.

Kabla ya hapo nikwambie mahali kipaji chako kitakapoonekana, ambapo ni kwenye faundesheni. Mteja anaingia na picha ya msanii kwenye simu, anasema, "Mdogo wangu, nataka niwe hivi." Usimjaribishie mgongoni mwa mkono, mkono una rangi yake. Chagua rangi tatu zinazokaribiana, mchoree mistari mitatu midogo kwenye taya, kuanzia shavuni kushuka shingoni. Kisha mtoe chini ya taa za duka, mpeleke mlangoni kwenye mwanga wa jua. Taa zile nyeupe zimeshawadanganya wengi wakafika ukumbini uso una rangi ya majivu na shingo iko Mbagala. Subiri kidogo, zungumza naye mambo ya poda, kwa sababu faundesheni nyingi hukolea zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi. Mstari unaopotea ndio wake. Angalia pia ngozi inavutia wapi: wapo weusi wenye unjano kwa ndani, wapo wenye wekundu, na wapo walio katikati. Hiyo ndiyo sababu watu wawili weusi sawasawa hawapaki chupa moja. Aliyepata rangi yake hurudi na dada zake.

Zamani kidogo hata muuzaji hodari alikuwa amefungwa mikono, kwa sababu rangi za ngozi nyeusi zilikuwa mbili tatu mwishoni mwa rafu. Septemba 2017 Rihanna alipotoa Fenty Beauty na faundesheni ya rangi 40 kwa mpigo, kampuni nyingine zikaona aibu zikaanza kuongeza. Hapa nyumbani Shekha Nasser wa kampuni ya Shear Illusions alitengeneza vipodozi vya LuvTouch Manjano akiifikiria ngozi ya Kiafrika. Mambo haya yajue, wateja wa siku hizi wanayauliza. Na ujue na hili: Fenty ilipotangaza kuanza kuuzwa rasmi Afrika, Mei 2022, nchi zilikuwa nane, Botswana, Ghana, Kenya, Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Zambia na Zimbabwe. Sisi hatukuwemo. Kwa hiyo mteja akikwambia, "Mbona Kariakoo nimeiona kwa elfu nane?", usimcheke wala usimbishie, huenda aliyoiona ni feki. Kama duka lenu linayo, mwonyeshe namba ya toleo iliyochapwa kwenye kasha na kwenye chupa, kwamba zinafanana, mwonyeshe herufi zilivyokaa, mwambie akalinganishe na ile aliyoiona.

Wewe utalizoea upesi suala la bei, ingawa kuna kitu utakikosa. Kariakoo unataja elfu thelathini ukijua mtamalizana ishirini na mbili, na utamu wa kazi uko kwenye ule mvutano. Kwenye kampuni yenye matawi bei iko kwenye mfumo, huwezi kupunguza hata mia tano, na kila mauzo yana risiti ya EFD, mashine ya kodi. Ule wimbo wa TRA, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, humo ndani ndiyo sheria ya kwanza. Unachobaki nacho ni maneno na ujuzi wa bidhaa. Wauzaji waliotoka Kariakoo huwa wazuri sana hapa, kwa sababu hawaogopi watu. Wengine waliosoma zaidi husimama pembeni wakingoja waulizwe.

Sasa mkorogo. Siku ya kwanza tu atakuja mtu, pengine mama wa kumpa shikamoo, aseme anataka "kitu cha kuning'arisha". Duka linaloheshimika haliuzi vipodozi vyenye zebaki wala haidrokwinoni, ambavyo ni marufuku nchini, na krimu zenye steroidi kali kama klobetasoli na betamethasoni ni dawa za hospitali, si vya kupanga rafuni karibu na losheni ya mtoto. Zamani usimamizi wa vipodozi ulikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Tangu 2019 uko TBS, shirika la viwango, na wakaguzi wanapita. Zebaki hujificha kwenye lebo kwa majina mengine: ukiona calomel, mercurous chloride, mercuric iodide au ammoniated mercury, ni ileile. Dunia nzima iko kwenye njia hiyo, maana nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kisitengenezwe wala kuvushwa mipaka baada ya 2025.

Mteja wako hatafuti somo la kemia. Muulize anachotaka kuondoa. Mara nyingi ni madoa ya chunusi, au weusi uliotokana na krimu aliyoiacha, na hapo kuna vya kumpa: kinga ya jua kwanza, niasinamaidi, vitamini C, na muda. Ngozi ikiwa imeshachubuka, ina mishipa inayoonekana au michirizi, mwambie aende kwa daktari wa ngozi, usimuuzie chochote. Meneja atakayekusukuma uuze makopo yasiyo na lebo yanayotolewa chini ya kaunta anakutafutia kesi, kwa sababu siku ya ukaguzi anayekutwa amesimama pale ni wewe. Kazi ya namna hiyo iache hata kama mshahara ni mzuri.

Tuje kwenye fedha. Mshahara wa msingi wa muuzaji mara nyingi huanzia karibu na kima cha chini cha sekta ya biashara. Amri ya mwaka 2022 iliuweka kwenye shilingi 150,000 kwa mwezi kuanzia Januari 2023, na viwango vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026, kwa hiyo kabla ya usaili pitia ofisi ya kazi au uwaulize TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kiwango kipya ni kipi. Juu ya msingi kuna kamisheni, na kamisheni ndiyo inayofanya wawili wenye cheo kimoja waondoke na mishahara isiyofanana kabisa.

Usiulize tu "kamisheni ni asilimia ngapi". Uliza inavyokokotolewa. Tuseme tawi limepewa tageti ya milioni 60 kwa mwezi, wauzaji sita, na sharti kwamba tawi lisipofika hakuna anayepata. Mwezi unaisha mko kwenye milioni 58 na nusu. Wewe peke yako umeuza milioni 14, mwenzako kauza milioni tano huku akichati. Wote mnapata sifuri. Kampuni nyingine inalipa kwa ngazi, ukivuka asilimia 80 unaanza kupata, na kila unachopanda unaongezewa. Asilimia ndogo ya ngazi ni bora kuliko asilimia kubwa ya yote au hakuna.

Kuna na jambo dogo linaloleta ugomvi mkubwa. Mteja umemhudumia dakika arobaini, umempaka, mmecheka, amechagua vitu vya laki mbili. Anasema ngoja nikatoe hela kwa wakala. Anarudi wewe umeenda kula, keshia anaingiza mauzo kwa namba ya aliyesimama karibu. Kamisheni imekwenda. Matawi yenye utaratibu hutumia karatasi ndogo au stika yenye namba ya muuzaji, inawekwa kwenye kikapu cha mteja tangu mwanzo. Uliza kama wanayo. Bidhaa ikirudishwa je, kamisheni yako inakatwa? Uliza pia.

Halafu wapo wapromota. Ukiingia tawi lolote kubwa utaona wasichana wenye fulana za kampuni tofauti, mmoja wa losheni hii, mwingine wa mafuta ya nywele yale. Hao mara nyingi hawajaajiriwa na duka. Wanalipwa na msambazaji wa bidhaa au wakala wake, lakini meneja wa tawi anawapangia zamu, anawatuma stoo, na mambo yakiharibika kila upande unamsukumia mwenzake. Kwenye barua utakayopewa angalia mwajiri ni nani: jina lililo mlangoni mwa duka au jina usilolijua? Si lazima ukatae. Wapromota wengine wanalipwa vizuri na wanapata mafunzo mazuri ya bidhaa kuliko wauzaji wa duka. Ila ujue wa kumdai.

Shoti sasa. Kuna za aina mbili. Ya kwanza ni ya fedha: jioni keshia anafunga hesabu, mashine inasema laki tisa na arobaini, droo ina laki tisa na kumi. Ya pili ni ya mzigo: mwisho wa mwezi mnahesabu rafu, kompyuta inasema lipstiki 48, mkononi zipo 41. Tawi baya lina dawa moja kwa zote mbili: jumla ya hasara inagawanywa kwa vichwa, kila mtu elfu thelathini, basi. Nimeona mpaka mlinzi wa mlangoni akitiwa kwenye mgawo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haiendi hivyo. Mwajiri anaruhusiwa kukata fidia ya hasara, lakini kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Akuandikie sababu, kiasi, na alivyokipata. Upewe nafasi ya kweli ya kupinga. Jumla isizidi hasara yenyewe. Na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wako. Mgawo wa vichwa bila kuonyesha kosa la nani haupiti kwenye sharti la kwanza. Uliza pia wanakata kwa bei gani, ya kununulia au ya kuuzia. Lipstiki ya elfu ishirini na tano rafuni inaweza kuwa imeigharimu kampuni nusu yake, na sheria inazungumzia hasara halisi.

Kwa usalama wako mwenyewe, zamu ikibadilika hesabuni droo wote wawili mkiwa mmesimama hapohapo, mtie saini. Namba yako ya siri ya mashine usimpe mtu, hata rafiki, hata "nipe mara moja tu, mteja ana haraka". Kitu kikivunjika kiandikwe siku hiyo kwenye daftari la uharibifu, na kasha libaki. Testa ikifunguliwa iandikwe, maana testa zisizoandikwa ndizo zinazogeuka shoti mwisho wa mwezi. Kupekuliwa mkoba mnapotoka ni kawaida kwenye maduka haya, usione umedharauliwa, mradi kila mtu anapekuliwa, meneja akiwemo, na mwanamke anapekuliwa na mwanamke. Likitokea la kufikishana mbali, mahali pake ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Lakini anayeachishwa kabla ya kutimiza miezi sita kwa mwajiri huyo halindwi kwa namna ileile, kwa hiyo miezi ya mwanzo andika sana na ubishane kidogo.

Kusimama nako, mama yako asije akasema nimemruka. Sheria inaweka saa 45 kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku, na mapumziko ya saa moja ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Kwenye jengo la maduka, saa moja hiyo nusu yake inaliwa na kutafuta chakula cha bei yako, kwa hiyo beba. Viatu vyeusi vya wazi vya bei rahisi vitakumaliza. Nunua vyenye soli nene, na jipimishe jioni miguu ikiwa imevimba. Kama una kipandauso, kaunta ya manukato si yako, sema mapema upangiwe nywele au losheni. Saa za baada ya saa mbili usiku zina nyongeza ya asilimia tano ya mshahara wa msingi, na siku yako ya mapumziko ukiitwa kazini ni malipo maradufu. Kubwa zaidi kwako ni usafiri: duka likifungwa saa tatu, hesabu zikafungwa saa nne kasoro, Mbagala unafikaje? Wapo wenye gari la wafanyakazi, wapo wasio nalo. Nauli ya bodaboda kila usiku inaweza kumeza kamisheni yote.

Na msimu. Tarehe 25 mpaka tano ni mbio, wiki ya kabla ya Idi ni mbio, Desemba yote. Januari ni mwezi dume, mtasimama mkitazamana, na tageti ya Januari wengine hawaipunguzi.

Hapo ndipo kwenye jambo ambalo hukuliuliza. Kitchen party na sendoff ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ambayo duka la vipodozi halimpi mtu ruhusa. Ukichukua kazi hii, upambaji wako wa wikendi unakufa au unabaki wa alfajiri. Piga hesabu unaingiza kiasi gani kwa mwezi kwa kupamba, ukitoe kwenye mshahara watakaokutajia, ndipo ujue unapanda au unashuka. Mikataba mingi pia inakataza kuuza vipodozi vyako pembeni, Instagram ikiwemo. Kama una ukurasa, sema mwenyewe kwenye usaili kabla hawajauona.

Kuhusu rangi yako. Sheria hiyohiyo ya ajira inakataza ubaguzi kazini na kwenye kuajiri, na rangi imetajwa humo waziwazi, pamoja na dini, jinsia, ujauzito na mengine. Simaanishi kwamba rafiki yako ameota. Wapo mameneja wanaopanga weupe mbele na weusi stoo, na utawajua kwa kutazama tawi lao tu. Lakini anayejua biashara anataka nyuso za kila rangi kwenye kaunta ya faundesheni, kwa sababu wateja walio wengi ni weusi na wanamwamini aliyepaka ile rangi wanayoitafuta. Nenda usaili umejipaka mekapu nyepesi, safi, rangi yako sawasawa hadi shingoni. Pengine watakupa bidhaa mkononi wakwambie, "Tuuzie." Usianze kusifu. Muulize aliye mbele yako ngozi yake ikoje na anatumia nini sasa hivi. Wengi huanguka hapo kwa kusoma lebo kwa sauti.

Je, uende? Mimi nasema nenda, na ukipata majibu ya kueleweka ya kamisheni na shoti, chukua. Duka la shangazi limekufundisha watu, ila halikufundishi kuhesabu mzigo kwa mfumo, kusimamia tarehe, kuagiza kwa msimu, wala kuongoza wenzako. Hivyo ndivyo vinavyompandisha mtu kutoka muuzaji hadi msimamizi, meneja wa tawi, au kitengo cha manunuzi, na ndivyo vitakavyokufaa siku ukitaka duka lako. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, "tutaongea ukishaanza", baki Kariakoo ungoje nyingine.

Ukianza, hati ya mshahara ya kwanza isome mstari kwa mstari. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, jumla ni asilimia 20, na unachokatwa wewe kisizidi kumi. Mchango wa WCF, mfuko wa fidia, ni wa mwajiri peke yake, usikubali ukatwe. Baada ya miezi miwili hakikisha NSSF kwamba michango imefika kweli.

Shangazi muage mapema na umkabidhi hesabu ya duka kwa maandishi, mali iliyopo, madeni na fedha. Kampuni hizi hutaka wadhamini wawili na barua ya serikali ya mtaa, na yeye ndiye mdhamini wako wa kwanza. Fomu ya udhamini usimpelekee ya kusaini harakaharaka akiwa na wateja. Nyingine zimeandikwa kwamba mdhamini atalipa hasara yoyote utakayosababisha, bila kikomo. Akae aisome, na pale palipoachwa wazi pa kiasi, kiasi kiandikwe kabla ya saini.